Sura ya Nne: Namba Mpya, Chuma cha Zamani

Gari geni likisimama Misima, wilayani Handeni, kabla dereva hajazima injini watu wameshasoma namba. Hawaangalii tarakimu, wanaangalia herufi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 magari ya Tanzania Bara husajiliwa kwa T, tarakimu tatu na herufi tatu, na ile ya kwanza kati ya herufi hizo ndiyo imegeuka umri wa gari midomoni mwa watu. Namba A ni mzee wa kuheshimiwa akiwa amekaa. B huulizwa kama bado linatembea. C linavumilika, D lina hadhi, na E huzungukwa na watoto. Madalali wanaijua saikolojia hii vizuri. Tangazo la gari lenye namba D au E huanza na herufi, mwaka wa kutengenezwa hufuata mbali, na mara nyingine haufuati kabisa.

Hapo ndipo pesa za watu wengi hupotelea. Herufi haielezi gari lilitoka kiwandani lini. Inaeleza liliingia kwenye daftari la Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, lini. Toyota IST iliyoundwa mwaka 2003 ingeweza kuendeshwa Japani kwa miaka kumi na mitano, ikapanda meli, ikateremka Dar es Salaam na kupewa namba D. Pacha wake aliyetoka kiwanda hichohicho mwaka uleule huenda aliingia nchini mapema akavaa namba C. Kwa chuma, mpira na nyaya, hayo ni magari ya rika moja. Kinachoyatofautisha ni miaka ambayo yamekula mashimo na matuta ya huku, na hiyo ni habari ya maana, ila siyo ile ambayo mnunuzi anadhani ameilipia. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Kuusoma ni bure.

Kwa nini gari la miaka kumi na mitano liuzike hadi ng'ambo ya Bahari ya Hindi? Jibu la kwanza lipo kwenye sheria za Japani zenyewe. Huko gari jipya la binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, katika ukaguzi uitwao shaken. Si wa kuchungulia taa na honi: hulipiwa ada, kodi ya uzito na bima ya lazima, na lolote lililochakaa sharti litengenezwe kwanza. Gari linapozeeka, mwenyewe hupiga hesabu akaona kheri aliuze. Hupelekwa mnadani, ambako kampuni kama USS, iliyoanza mwaka 1980, hupitisha magari kwa maelfu kwa siku moja. Wauzaji wa nje kama SBT ya Yokohama na BE FORWARD ya Tokyo hununua huko na kuyapakia melini. BE FORWARD, iliyoanzishwa na Hironori Yamakawa mwaka 2004, ilifahamika Afrika kiasi kwamba kwa miaka kadhaa jina lake lilibebwa na klabu kongwe ya soka ya Malawi, Wanderers. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani hauhitaji kuhamishwa.

Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya mwaka 2015 na 2018. Asilimia 40 yalikuja Afrika.

Jibu la pili lipo hapa nyumbani. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari ya miaka 15 na kuendelea. Tanzania haikufunga mlango, iliweka tozo mlangoni. Kwa viwango vilivyozoeleka, gari la binafsi hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Hufuata ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: hakuna hadi cc 1000, asilimia 5 hadi cc 2000, na asilimia 10 zaidi ya hapo. Gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 za uchakavu, na lililozidi miaka 10 huongezewa 30. Mwisho kabisa, VAT ya asilimia 18 hukaa juu ya hayo yote. Viwango hivi huweza kuguswa kila Juni bajeti inaposomwa Dodoma, hivyo mwenye kuagiza hufungua kikokotoo cha TRA kwanza kabla ya kumtumia mtu fedha.

Chukua gari la cc 1300, lenye miaka kumi na mitano, ambalo TRA imelithaminisha shilingi 10,000,000 likiwa bandarini. Ushuru wa forodha ni 2,500,000. Asilimia 5 za injini na 30 za uchakavu, zikipigwa juu ya 12,500,000, huzaa 4,375,000. VAT ni 3,037,500. Jumla ni 9,912,500, kabla ya ada ndogondogo, wakala na usajili. Mnunuzi amelipia gari mara mbili, na mara ya pili hakupata hata tairi. Thamani inayotumika hapa ni ile ya jedwali la TRA, kwa hiyo risiti ya bei ya kutupa kutoka Japani haimsaidii mtu. Ndiyo maana pia Vitz na Passo zenye injini isiyofika cc 1000 zimejaa kila mji: hazina tozo ya injini hata senti.

Hesabu hii inamgusa hata asiyeagiza. Mkulima wa mahindi wa Handeni au mwalimu wa Misima kwa kawaida hununua gari la mkononi, lililokwisha kutumika Dar, Tanga au Korogwe. Kodi iliyolipwa bandarini imo ndani ya bei anayotajiwa, na kila bajeti inapopandisha tozo ya magari ya nje, magari yaliyomo nchini hupanda nayo.

Zamani uchaguzi wa gari katika eneo hili ulifanywa na barabara. Misima imekaa kwenye njia ya Handeni kwenda Korogwe, na kabla ya lami njia hiyo ilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika. Aliyekuwa na gari alikuwa na Land Rover, Land Cruiser au pikapu. Lami ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, na ile ya Handeni hadi Mkata, kilomita 54, ilibadilisha mambo. Gari dogo lenye tumbo karibu na ardhi likaanza kufika bila kukwama, na IST, Probox na Noah zikawa magari ya kawaida. Ila lami ni mstari mmoja. Shamba, zahanati na shule nyingi ziko pembeni yake, na gari linalopendeza likiwa limeegeshwa kando ya barabara kuu halijaonyesha litafanya nini kwenye njia ya ng'ombe mwezi wa Aprili.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi wa huku ni hili: fundi wangu analijua gari hili, na spea zake ziko umbali gani? Bei inakuja baadaye. IST yenye injini ya 2NZ au 1NZ inatumia vitu vilevile vilivyomo kwenye Probox, Vitz na Corolla za rika lake. Brekipedi, plagi, bushi na shokapu zake ni rahisi kuzipata Korogwe au Handeni, na kisichopatikana hupandishwa basi kutoka Kariakoo Gerezani na kushushwa siku ileile. Gari la kifahari la Ulaya linaweza kuuzwa kwa bei ya IST kwa sababu moja tu: aliyenalo amechoka kuagiza sensa. Mwenye uso mkavu na pesa ya akiba anaweza kulinunua. Wengine walipishe.

Noah ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu zipo za aina mbili na hazifanani kitu. Ya zamani, SR40 na SR50 za miaka ya 1990 mwishoni, ina injini ya 3S-FE ambayo fundi yeyote wa chini ya mwembe ameshaifungua. Iliyofuata mwaka 2001, yenye alama za AZR60, ni nzuri zaidi kwa macho, kubwa ndani, na ina milango miwili ya kusukuma. Lakini nyingi zimefungwa injini ya 1AZ-FSE, maarufu kwa jina la D4, ambayo hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Injini hiyo ilitengenezwa kwa petroli safi. Vijijini petroli huuzwa kwa chupa kando ya barabara, na haijulikani imekaa kwenye dumu gani tangu lini. Uchakachuaji ulikuwa tatizo kubwa hadi mdhibiti wa nishati na maji, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe na faida ya kuchanganywa. Pampu ya D4 haijui historia hiyo. Ikionja uchafu inagoma, na fundi anayeiweza huenda yuko Tanga mjini.

Siku ya kulikagua gari, uongo mkubwa hukaa mbele ya usukani. Dashibodi ya gari la mwaka 2004 inayosoma kilomita 62,000 inawezekana kuwa ya kweli, maana Wajapani wengi huendesha kidogo. Inawezekana pia ilirudishwa nyuma kwa nusu saa na kijana mwenye kompyuta ndogo. Karatasi husema zaidi. Cheti cha kusafirisha gari nje kinachotolewa na serikali ya Japani huandika kilomita zilizosomwa katika ukaguzi, na karatasi ya mnadani huchora gari na kutia alama kila lilipoguswa: A kwa mkwaruzo, U kwa bonde, W kwa palipopigwa rangi upya, XX kwa kipande kilichobadilishwa. Gari lililopewa daraja R liliwahi kupata ajali na kurekebishwa. Kwa gari lililokwisha kubadilisha mikono mitatu karatasi hizo zimepotea, ila namba ya chesesi ipo, na kumbukumbu za mnadani hutafutwa mtandaoni kwa ada. Zaidi ya hapo, tazama pedali ya breki, mpira wa usukani na kiti cha dereva. Kilomita 62,000 haziwezi kula mpira wa pedali mpaka chuma kikatokeza.

Kisha bonneti. Mafundi wa Afrika Mashariki wana tabia moja inayomsaidia mnunuzi bila wao kukusudia: gari likichemsha, wengi hutoa themostati na kuitupa, halafu huunganisha feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Gari linapoa kweli. Tatizo ni kwamba themostati iliwekwa ili injini ifikie joto lake la kazi, karibu nyuzi 82 kwa injini hizi za NZ, kabla maji hayajaruhusiwa kupita kwenye rejeta. Bila hiyo injini hukaa baridi, hunywa mafuta zaidi na kuchakaa haraka. Kwa mnunuzi, feni inayoanza kuvuma sekunde ile ufunguo unapozungushwa ni ushahidi. Gari hili liliwahi kuchemsha, na hakuna aliyejua sababu. Atakayelinunua ataitafuta kwa pesa yake.

Yapo mengine ya aina hiyo. IST iliyonyanyuliwa kwa kuwekewa vipande juu ya springi huvuka tuta bila kukwaruza, lakini ekseli hukaa kwa pembe ambayo haikupangiwa na jointi zake hulia mapema kwenye kona. Gari lililotolewa masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, kwa sababu ya platinamu na paladi iliyomo, hunguruma kwa sauti tupu, na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Kama taa hiyo haiwaki hata ufunguo unapofunguliwa mara ya kwanza, huenda kuna aliyeing'oa balbu. Taa zote hizo sharti ziwake kwanza, kisha zizime zenyewe. Matairi nayo yana tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho za DOT, 2319 kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nene hazimaanishi tairi jipya, na tairi mtumba lililokaa stoo miaka minane hupasuka kwenye joto la mchana kati ya Chalinze na Mkata.

Dalali atasema, "Bosi, hili halijaguswa, hata fundi hahitajiki." Mnunuzi mwenye adabu hujibu kwamba haina neno, fundi ataliangalia tu, na kama mzee mwenye gari yupo anasalimiwa kwanza. Gari lijaribiwe likiwa baridi, asubuhi, kabla mwenyewe hajalipasha. Injini inayokula oili hutoa moshi wa bluu katika dakika hizo. Ikishapata moto inaweza kujisitiri.

Makaratasi hayana raha lakini ndiyo yanayolifanya gari kuwa la mtu. Namba ya chesesi na ya injini zilinganishwe na kadi kwa macho, na polisi wa usalama barabarani husaidia kama kuna mashaka. Kadi yenye jina la benki pembeni ya jina la mtu maana yake mkopo haujaisha, hata muuzaji akiapa. Faini za barabarani hutazamwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, madeni ya maegesho kwenye mfumo wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na uhalali wa bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo aibu ya kununua gari na deni lake la "road license" imepungua. Baada ya mkataba kushuhudiwa na mwanasheria, uhamisho hufanyika TRA: ada ya shilingi 50,000, kadi mpya 10,000 na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Wapo wanaookoa hizo fedha kwa kuendesha gari likiwa na jina la mtu mwingine. Faini huenda kwa mtu huyo, na siku gari likigonga, polisi huenda kwake pia. Naye akifariki, mnunuzi huanza mazungumzo na warithi ambao hawajawahi kumwona.

Gari likishafika nyumbani, kazi ya kwanza ni kumwaga kila kitu: oili ya injini, ya gia, ya breki, maji ya rejeta. Si kwamba muuzaji ni mwongo. Ni kwamba bila hivyo hakuna tarehe ya kuanzia kuhesabu. Vitabu vya Toyota vya Japani vinaruhusu oili ya injini ya kawaida kufika kilomita 15,000, na nusu yake kwa mazingira magumu. Vumbi limetajwa miongoni mwa magumu. Mafundi wa Tanzania husema 5,000, wengine 3,000, na kwa gari linalotoka Misima kwenda mashambani kila siku si ushauri wa kupuuzwa. Wanachokosea ni namba. Oili nzito ya 40, iliyozoeleka tangu enzi za injini za zamani, humiminwa kwenye 1NZ iliyoundwa kwa oili nyepesi ya 5W-30, kisha gari husemekana limekuwa zito asubuhi. Dumu moja la lita 4 latosha injini hiyo na filta yake. Oili ya gia ya otomatiki ina aina yake pia, na gia boksi za CVT zilizomo kwenye magari ya miaka ya karibuni hazisamehe: zikitiwa ATF ya kawaida, zinaanza kuteleza.

Filta ya hewa ya gari la huku haiwezi kungoja servisi. Katika miezi ya ukame vumbi huijaza kabla oili haijafikia nusu ya muda wake, na injini inayovuta hewa kwa shida hulalamika kwa kula petroli. Kuifungua hakuhitaji fundi, ni vibano viwili. Watu wanaoipuliza na kuirudisha mara kumi huishia na karatasi iliyotoboka, na vumbi linalopita hapo hula kuta za silinda.

Maji ni mtihani mwingine. Handeni imeishi na shida ya maji kwa vizazi, na mtu aliyepanga foleni ya ndoo haoni sababu ya kuipa rejeta kitu cha kununuliwa dukani. Hujaza maji ya kisima. Maji yenye chumvi huacha gamba ndani ya mirija myembamba na kuozesha pampu, na baada ya mwaka mmoja au miwili gari linaanza kuchemsha kwenye mlima. Kisha themostati inatolewa. Kulanti ya lita chache, ikibadilishwa kwa wakati, ni nafuu kuliko gasketi ya silinda hedi, na wala haihitaji kujazwa kila asubuhi: rejeta inayopungua kila siku inavuja mahali, au inapeleka maji ndani ya injini.

Kuna siku matengenezo hufika mwisho. Injini iliyochemka vibaya mara kadhaa huinamisha hedi, na fundi hutaja bei ya kuifungua ambayo inakaribia bei ya injini mtumba iliyotoka Japani au Sharjah. Wengi huchagua injini mtumba, na mara nyingi wanafanya sawa, mradi waisikie ikiunguruma kabla ya kulipa na waombe dhamana ya maandishi hata ya wiki mbili. Jambo wanalosahau ni kwamba injini mpya ina namba mpya. Namba ya zamani bado imeandikwa kwenye kadi, na mabadiliko hayo yanapaswa kupelekwa TRA pamoja na risiti ya injini na ukaguzi wa polisi. Asiyefanya hivyo ataendelea kutembea bila shida miaka mingi, hadi asubuhi atakapotaka kuuza na fundi wa mnunuzi akafungua bonneti, akaisafisha namba kwa tambara, akaisoma mara mbili na kuomba aonyeshwe kadi.